Sitini kwa Sitini, Mpaka Bafuni

"Kwa hiyo ni sitini kwa sitini nyumba nzima?" Sekar aliuliza, huku akigonga kwa ukucha kigae kikubwa cheupe kilichoegemezwa ukutani. "Sebule, vyumba, jiko, mpaka bafuni?"

Damar akamgeukia mchumba wake, Wening. "Unasemaje, Dik?"

Wening alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya duka, mbele ya vigae vidogo vya ishirini kwa ishirini, vile vyenye uso wa kukwaruza, ambavyo vilisukumwa chini ya rafu kama vimefanya kosa. Kidole chake kilikuwa kinapapasa kimoja. Alikiondoa haraka.

"Sawa tu, Mas. Unavyoona wewe." Yeye alimwita Mas, kaka, na Damar alimwita Dik, mdogo, kama wachumba wa Kijava.

"Mimi naona vikubwa vinapendeza. Lakini nyumba ni yetu wote wawili."

"Basi vinapendeza."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mas."

Sekar alitabasamu akichomoa kalamu nyuma ya sikio. "Bahati yako, Dam. Wateja wengine wakija hapa mke na mume wanakaribia kurushiana vigae. Wewe umepata asiyejua kusema hapana."

Damar alicheka kidogo. Wening naye alicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

Kila mtu pale Klaten, katikati ya Java, alijua kwamba Sekar na Damar walisoma pamoja shule ya ufundi, na kwamba kuna kipindi walikuwa wakirudi nyumbani kwa pikipiki moja. Damar mwenyewe ndiye aliyemsimulia Wening, bila kuulizwa. Yalikuwa yamepita. Sasa Sekar anauza vigae vya sakafu dukani kwa mjomba wake, Damar anatengeneza friji na viyoyozi, na harusi yake na Wening ilipangwa mwezi wa Sura, yaani Muharram, ukiisha, maana ndani ya mwezi huo hakuna anayethubutu kuoa.

Njiani, juu ya pikipiki, Damar aliinua sauti kushinda upepo.

"Dik!"

"Ee, Mas."

"Ungekuwa peke yako pale dukani, ungechagua vipi?"

Swali lilikuwa limenyooka. Wening alifungua mdomo. Lori la matofali likawapita, vumbi likatanda, na lilipotulia ujasiri wake ulikuwa umeshakwenda na lori.

"Nisingejua, Mas. Wewe ndiye mjuzi wa mambo ya ujenzi."

Damar akaongeza mwendo.

* * *

Ukweli ni kwamba alijua. Wening alikuwa mshonaji wa kebaya, zile blauzi za sherehe zinazobana mwili, na siku walipokwenda kuiona nyumba ikiwa haijapigwa hata rangi, alijifanya anapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Kumbe alikuwa anapima sakafu. Sebule ni pana na imenyooka, vigae vikubwa vingekaa humo vizuri. Chumba cha kulala na kile cha nyuma vilikuwa vyembamba. Ukiweka sitini humo, ukutani kitabaki kipande chembamba kama kiraka cha aibu kwenye upindo.

Na bafu! Bafu lilikuwa dogo, la pipa la maji na kata, sakafu yake haikauki asubuhi mpaka jioni. Sakafu ya namna hiyo lazima iteremke kutoka pande zote kwenda kwenye tundu la maji. Kigae kikubwa hakikubali kulala kwa mteremko wa pande zote. Ni sawa na kutaka kitambaa kigumu kizunguke kwapa bila mikunjo. Vipande vidogo vinajua kufuata mwili. Na maungio mengi ya vigae vidogo yanaushika mguu.

Mguu aliokuwa anaufikiria Wening ulikuwa mmoja tu, wa kulia, wa bibi yake.

"Umemwambia?" Mbah Rukmi aliuliza jioni ile. Alikuwa ameketi kwenye benchi jikoni anakata tempe, soya iliyochachushwa, mguu wenyewe ameunyoosha mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Tangu ateleze na kuanguka kando ya kisima mwaka uliopita, nyonga yake haikurudi sawa. Ndani ya nyumba alitembea ameshika ukuta.

"Bado, Mbah."

"Mdomo wako umeuweka rehani wapi, Nduk, mjukuu wangu?"

"Nitamwambia."

"Lini? Nikishakuwa Lampung? Pakde wako amepiga simu tena. Anakuja kunichukua mkishafunga ndoa."

"Lampung ni mbali. Mpaka kuvuka bahari."

"Najua ilipo. Mwanangu anaishi huko." Mbah aligeuza tempe. "Mkewe na mimi hatuwezi kukaa jiko moja mpaka wali uive, lakini nitafanyaje? Nyumba hii ya kupanga peke yangu siiwezi."

"Sitaki uende, Mbah."

"Sasa hayo maneno mazuri unaniambia mimi ya nini? Mwambie mwenye nyumba."

Hapo ndipo Wening alipokwama. Mbah ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Ndiye aliyemfundisha kushika sindano. Lakini bibi harusi huhamia kwa mumewe na nguo zake, na pengine cherehani yake. Nani amesikia anahamia na bibi? Chumba cha nyuma kilikuwepo, ndiyo, ila Damar alishasema mara nyingi, macho yakimng'aa, kwamba kile ni karakana yake. Miaka yote alikuwa akitengeneza friji za watu barazani, jua lake, mvua yake. Kumwomba chumba hicho, Wening aliona ni kama kumpokonya mtu sahani wakati ameshanawa mikono.

Kwa hiyo aliamua kuanza na kitu kidogo. Bafu kwanza. Bafu likiwa la kufaa mguu wa Mbah, pengine na mengine yatafuata. Na kwa kuwa kumwambia Damar kungezaa swali la kwa nini, alimpigia simu Sekar.

"Mbak Sekar, dada yangu, samahani sana kukusumbua."

"Hunisumbui, Mbak Wening. Niambie."

"Kuhusu bafu. Kama haitakuwa taabu... labda vile vidogo vya ishirini vingefaa pia. Vile vya kukwaruza. Lakini kama ni shida, basi."

Upande wa pili ilisikika kalamu ikigonga meza.

"Nimekusikia, Mbak."

"Asante sana, Mbak. Samahani, eh?"

Wening alikata simu. Kwake yeye, alikuwa amepiga kelele.

* * *

Wiki mbili baadaye Damar alikuja na mkate wa ndizi, akakaa barazani, Mbah akampa chai ya yasmini yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko.

"Nyumba inakwenda vizuri, Mbah," alisema. "Fundi Pak Sarjo anavuta sigara zake za karafuu kutwa nzima lakini mkono wake ni safi. Dik, hebu ona sebule."

Akampa Wening simu. Sebule ilikuwa nzuri kweli, nyeupe na pana. Wening alikuwa anataka kusema hivyo, safari hii kwa moyo wote, ujumbe ulipoingia juu ya picha.

*Dam, bafu limekamilika leo! Sitini nyeupe, linang'aa mpaka unajiona meno. Bibi harusi si alisema sawa tu? Basi nyumba hii tumejenga mimi na wewe, haha. Jumapili nakuja kukagua.* Jina la juu lilikuwa Sekar.

Wening aliusoma mara moja. Hakuhitaji mara ya pili.

"Kuna ujumbe, Mas," alisema, akamrudishia simu.

Damar alisoma. Masikio yakamwiva. "Sekar huyu na mizaha yake. Usimjali, Dik."

"Sawa tu, Mas."

"Umekasirika?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli, Mas. Kunywa chai, inapoa."

Siku zilizofuata ujumbe wa Damar ulikuja kama kawaida, na majibu yakaenda, lakini ungeweza kuyajibu hayo hata ukiwa usingizini.

*Dik, umekula?*

*Nimeshakula, Mas.*

*Jumapili nikufuate uione nyumba?*

*Tutakuja wenyewe na Mbah.*

*Dik, kuna tatizo?*

*Hakuna, Mas.*

* * *

Jumapili walikuja na bajaji, Mbah amevaa kitambaa chake cha batiki cha kuendea wageni. Pak Sarjo alikuwa jikoni anapaka saruji nyeupe kwenye maungio. Sekar naye alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ngazi ya mbele na Damar, wanakunywa maji ya madafu. Alisimama akamwamkia Mbah kwa kuinama vizuri, kama mtoto aliyelelewa.

"Karibuni, karibuni! Mbah, tembea uone. Sebule hii, sitini kwa sitini. Si kama ikulu?"

"Nzuri," alisema Mbah, mkono ukutani. "Mnaweza kukaribisha mtaa mzima kwenye dua. Bafu liko wapi, Nduk? Njia ilikuwa ndefu."

Wening alimwongoza. Sakafu ya bafu ilikuwa ya vigae vikubwa, vyeupe, vinavyong'aa. Pak Sarjo alikuwa ameoga humo asubuhi. Maji yalikuwa bado yamekaa katikati ya kigae kimoja, yametulia, hayana pa kwenda, na tundu la maji liko pembeni, yanatazamana nalo tu.

Mbah alivua ndala. Alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akanyoosha kidole gumba cha mguu, akagusa kigae taratibu kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto. Kidole kikateleza kidogo. Akaurudisha mguu, akavaa ndala.

"Linang'aa kama sahani ya wageni," alisema kwa upole.

"Mbah, ingia, nitakushika."

"Haja yenyewe imeshapita." Alishusha sauti. "Nduk, usiwe na huzuni. Kesho nitampigia Pakde wako, nimwambie akate tiketi."

Akageuka, mkono ukutani, akarudi sebuleni kutabasamu na watu.

Wening alibaki mlangoni akiyatazama yale maji. Hakulia. Alishangaa mwenyewe kwamba hakulia. Alirudi sebuleni akiwa hajavaa hata viatu.

"Mas Damar."

Alivyolitamka jina, Damar aliweka dafu chini.

"Bafu halifai."

Pak Sarjo akachungulia kutoka jikoni.

"Halifai vipi, Dik?"

"Vigae ni vikubwa mno. Maji hayaendi. Na vinateleza. Niliomba vidogo."

"Uliomba?" Damar alisimama. "Uliomba lini? Tulikuwa wote dukani. Nilikuuliza mara mbili! Nikakuuliza na kwenye pikipiki!"

"Nilimwomba Mbak Sekar. Kwa simu. Siku ileile."

Wote wakamtazama Sekar. Sekar akacheka, ila kicheko chenyewe kilitoka kikavu.

"Jamani. Mbak Wening, hukuniomba. Ulisema 'labda'. Ulisema 'kama haitakuwa taabu'. Ulisema 'kama ni shida, basi'. Mimi nimeuza vigae siku nyingi, 'labda' siyo oda."

"Sekar," alisema Damar polepole, "wewe umezaliwa wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Umezaliwa hapa. Bibi yako na wangu walikuwa majirani. Mtu wa hapa akikupigia simu, akaomba radhi kwanza, akasema labda, halafu akaomba radhi tena, anakuwa amesema nini?"

Sekar alitazama kucha zake.

"Jibu tu."

"Anakuwa anataka sana," alisema Sekar.

"Ulijua."

"Nilijua." Aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamelowa, jambo ambalo Wening hakulitarajia. "Nilijua, Dam. Lakini na mimi nimekaa mle dukani nikichagua sakafu ya nyumba ambayo zamani niliwahi kuiota, na mwenyewe hata hajisumbui kusema anataka nini. Nikasema moyoni, basi angalau chumba kimoja kiwe changu. Ujinga tu. Siwezi kuueleza."

Alichukua pochi yake. Mbele ya Mbah aliinama tena. Mbele ya Wening alisimama.

"Nisamehe, Mbak. Vidogo viko stoo. Nitavileta mwenyewe."

Akaondoka. Pikipiki yake ilisikika mpaka mwisho wa kichochoro.

Wening alidhani hapo yameisha. Hayakuwa yameisha.

"Na wewe," alisema Damar. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Ulimwambia Sekar, hukuniambia mimi."

"Niliona haya, Mas."

"Haya ya kigae?"

"Nilikuwa nasubiri utaelewa."

"Nitaelewa kwa kutumia nini? Ramli?" Alijishika kichwa. "Dik, nimekaa na 'sawa tu' yako mwaka mzima. Tule wapi, sawa tu. Harusi lini, sawa tu. Unakumbuka nilipokuja kukuposa, nimekaa pale barazani kwenu, jasho linanitiririka, nikakuuliza kama utakubali kuolewa na mimi? Ulinijibu nini?"

Wening alitazama sakafu.

"Ulisema, 'Sawa tu, Mas, unavyoona wewe.' Mimi mpaka leo sijui kama nilipata mke au nilipata mtu mwenye adabu!"

Kule jikoni, Pak Sarjo alikohoa akaanza kupaka saruji mahali alipokwisha kupaka.

"Kwa nini vigae vidogo?" Damar aliuliza. "Niambie. Kwa nini kitu hiki ndicho kilichokutoa sauti?"

Wening alimtazama Mbah. Mbah alikuwa anaangalia dirishani kwa bidii, kama kuna sinema nje.

"Kwa sababu ya Mbah," alisema. "Nataka aishi na sisi. Asiende Lampung. Anatembea kwa kushika ukuta, Mas, akiteleza tena hatainuka. Na nataka..." Akamgeukia Damar uso kwa uso. "Nakuomba chumba cha nyuma."

"Karakana yangu."

"Ndiyo. Karakana yako. Najua ni nini ninachoomba."

Hakusema labda. Hakusema kama si shida. Maneno yalikaa pale katikati ya sebule, na Wening akagundua kwamba yakishatoka, hayarudi, na kwamba dunia iko palepale.

Damar alikwenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akachungulia ndani, akarudi. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Nipe nifikirie," alisema mwishowe. "Sitaki kukujibu sawa tu."

* * *

Usiku ule Mbah alilala mapema. "Umesema," alimwambia kabla hajafunga mlango. "Hata akikataa, umesema. Mimi nimeridhika."

Wening hakuridhika. Asubuhi alishona mkono wa kebaya ya mteja kinyumenyume, akaufumua, akaushona tena kinyumenyume. Alijua sasa ana kitu cha kupoteza na ameshakiweka mezani. Damar akisema hapana, atamchagua nani? Alijua jibu, na jibu lilimuumiza, kwa sababu alimpenda yule mwanamume na hakuwahi hata kumwambia.

Simu ililia adhuhuri.

*Karakana nitaiweka upande wa mashariki, nje, nipige bati na ukuta wa nusu. Friji za watu zitanisamehe. Vyumbani bado hatujaweka vigae. Cha nyuma, Mbah anataka saizi gani? USISEME SAWA TU.*

Wening alisoma, akacheka, akalia, akaharibu kitambaa cha mteja kwa chozi. Halafu akaandika, na vidole vyake havikusita:

*Thelathini kwa thelathini. Visivyong'aa. Siyo vyeupe, Mbah haoni vizuri pale sakafu inapokutana na ukuta. Bafuni ishirini kwa ishirini, vya kukwaruza. Chumba chetu arobaini, ili pasibaki kipande chembamba ukutani. Jikoni vilivyowekwa vinatosha. Sebule iache ilivyo, ni nzuri sana. Nilitaka kukwambia siku ile.*

Kisha:

*Mungu wangu. Kumbe yote haya yalikuwa humo ndani?*

*Yalikuwemo, Mas.*

*Njoo. Pak Sarjo hataki kuvunja kazi yake mpaka mwenye nyumba aamuru. Nimemwambia mwenye nyumba si mimi peke yangu.*

Alipofika, Pak Sarjo alikuwa amechutama kwenye mlango wa bafu, nyundo na tindo magotini, sigara ya karafuu mdomoni.

"Mbak," alisema, "vigae hivi nimevilaza kwa mikono yangu. Kila siku naona maji hayaendi, nasema moyoni, hawa watu wamependa, nani mimi niseme? Sasa nisikie vizuri. Nivunje?"

Yeye na Damar, aliyesimama nyuma yake, walimtazama Wening. Wening alihisi neno lile la zamani likimpanda kooni, laini, tayari, kama mbwa anayejua njia ya nyumbani.

"Vunja, Pak," alisema.

"Vyote?"

"Vyote. Usibakishe hata kimoja."

Nyundo ikashuka. Kigae cha kwanza kilipasuka kwa sauti kubwa kiasi kwamba kuku wa jirani walikimbia. Damar alianza kucheka, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Kuna jingine," alisema akipiga kelele kushinda nyundo. "Nataka kukuuliza upya lile la barazani!"

"Hapa? Na Pak Sarjo anasikia?"

"Mimi ni kiziwi," alisema Pak Sarjo. "Endeleeni."

"Dik Wening. Utakubali kuolewa na mimi?"

"Nataka," alisema Wening. Nyundo ilikuwa imesimama, kwa hiyo alisikika mpaka barabarani, akaona haya, akaendelea hivyohivyo na haya yake. "Nataka kuolewa na wewe, Mas. Wewe, siyo mwingine. Nilitaka tangu siku ulipokuja kutengeneza friji ya jirani ukamwekea Mbah barafu kwenye beseni. Na mapazia ya zambarau aliyochagua dada yako siyataki."

"Na mapazia?"

"Siyataki hata kidogo."

Damar alimtazama kama mtu anayeona nyumba yake imewashwa taa. "Pak Sarjo," alisema, "nadhani nimeharibu kitu."

"Si ulikuwa unalalamika hasemi?" Pak Sarjo alijibu, akainua nyundo.

* * *

Mwezi wa Sura uliisha. Siku moja kabla ya ndoa, ua wa nyumba ya kupanga ya Mbah ulijaa wanawake kwa ajili ya kumwogesha bibi harusi. Beseni la shaba lilikuwa na maji na maua ya waridi na yasmini. Kwa kuwa ua ule ulikuwa udongo mtupu, Damar alikuwa amekuja siku iliyotangulia na boksi la vigae vya ishirini kwa ishirini vilivyobaki, akavipanga mwenyewe juu ya mchanga chini ya kiti, bila saruji, vimekaa upandeupande kama meno ya mtoto. Kisha akafukuzwa, maana bwana harusi haruhusiwi.

Vigae vyenyewe vililetwa na Sekar, kama alivyoahidi. Siku ya kuvishusha alimsaidia Pak Sarjo kubeba, akakataa chai, akasema bafu sasa litafaa. Harusini angekuja, alisema, ila angekaa nyuma.

Wening alikaa kwenye kiti amefungwa kanga ya batiki, shada la yasmini shingoni, miguu yake juu ya vile vigae. Mbah alikuwa wa kwanza kumwagia, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alisogea bila kushika ukuta, hapakuwa na ukuta. Alisogea kigae kwa kigae, nyayo zake zikishika vizuri kwenye ule uso wa kukwaruza, akachota maji kwa kata ya kifuu cha nazi na kuyamwaga polepole juu ya kichwa cha mjukuu wake. Maji yalipita mabegani, yakafika miguuni, yakaingia kwenye maungio, yakaenda zao.

"Nduk," Mbah aliuliza, "maji yakoje?"

Wanawake wote walisubiri, wakijua bibi harusi atajibu nini.

"Baridi, Mbah!" Wening alipiga kelele. "Baridi sana! Ongeza ya moto!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mbah aligeukia jikoni, kata bado mkononi.

"Mmemsikia?" alisema. "Leteni birika!"